Barua ya wazi: Kabla hatujaiga Indonesia, tukitazame kitongoji cha Kurisa

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Madini;
Waheshimiwa wajumbe wa Kamati ya Kudumu ya Bunge ya Nishati na Madini;
Wenye dhamana ya mazingira nchini;
Wakuu wa Mikoa ya Kagera na Shinyanga;
Madiwani wa Ngara na Kahama.

Waheshimiwa,

Siku hizi panapozungumzwa madini mkakati, jina la Indonesia halikosi. Tunaambiwa wale walikataa kuuza udongo, wakawalazimisha wakubwa wajenge viwanda hukohuko, na leo anayetaka nikeli, metali ya chuma cha pua na betri, lazima awapigie hodi. Ni kweli kabisa. Lakini hadithi hiyo huwa inakatwa katikati, na kipande kinachoachwa kina jina na watu wake. Kinaitwa Kurisa.

Nijitambulishe kwanza. Mimi ni mzaliwa wa Ngara na nafundisha jiografia shule ya sekondari. Sijatumwa na mtu, na sipingi mgodi. Nikeli ya Kabanga, hapa kwetu Ngara, tumeisikia tangu miaka ya 1970, wazee wetu wamekufa wakiisubiri, na kijana wa Ngara anahitaji kazi kama kijana wa mahali pengine popote. Ninachoomba ni mnisikilize kuhusu kitongoji kimoja cha mbali kabla hamjasaini karatasi nyingine.

Kurisa ni kitongoji cha kijiji cha Fatufia, tarafa ya Bahodopi, wilaya ya Morowali, mkoa wa Sulawesi ya Kati. Nimetumia majina ya ngazi zetu kwa sababu zao zinalingana nazo mno: wana mkoa, wilaya, tarafa, kijiji, na chini kabisa kitongoji chenye kiongozi wake. Wilaya yenyewe ni changa, ilimegwa kutoka Poso mwaka 1999, na makao yake makuu ni Bungku. Kurisa iko pwani ya mashariki ya kisiwa cha Sulawesi, kwenye Ghuba ya Tolo.

Msinisadiki mimi. Fungueni picha za setilaiti, ni za bure, mtafute Bahodopi. Kitakachowagonga macho kwanza ni wekundu: vilima vilivyochunwa misitu vikabaki udongo mtupu, na barabara za magari makubwa zikipinda huku na huko. Shukeni kuelekea baharini mtaona mapaa ya viwanda, marefu, yamepangana mpaka ufukweni. Kisha magati, meli, na matishari yaliyojaa makaa ya mawe. Sasa vuteni picha karibu, pole pole, pale pembeni mwa viwanda. Mtaona vipaa vidogo vidogo vimesongamana juu ya maji, vimeunganishwa kwa vijia vya mbao, na mitumbwi imefungwa chini yake. Ndiyo Kurisa. Wanafunzi wangu huwa wananiuliza swali lilelile wakiiona: "Mwalimu, hawa walijenga hapo kwa nini, karibu na kiwanda hivyo?" Nawajibu kwamba kiwanda ndicho kilichowafuata.

Wenyeji wa Kurisa ni Wabajo. Ni watu wa bahari, wametapakaa kutoka kusini mwa Ufilipino na Sabah ya Malaysia mpaka visiwa vya mashariki mwa Indonesia. Mababu zao walizaliwa, wakaoana na kuzeeka ndani ya mashua. Katika karne ya 20 wengi wao walianza kutulia mahali pamoja, na hata hapo nyumba zao wakazisimamisha kwenye nguzo juu ya maji. Mwaka 2018 watafiti walichapisha matokeo ya kazi waliyoifanya kwa Wabajo wa Jaya Bakti, kijiji kingine cha mkoa huohuo wa Sulawesi ya Kati. Walipima bandama zao wakakuta ni kubwa kwa karibu asilimia 50 kuliko za majirani zao Wasaluan, ambao si watu wa kuzamia. Bandama huhifadhi damu yenye oksijeni. Mzamiaji anapobana pumzi, bandama hujikamua na kumpa muda wa ziada chini ya maji. Yaani bahari imewaingia hawa watu mpaka kwenye viungo vya ndani, na hilo halitokei kwa kizazi kimoja wala viwili.

Wala wasije wakaonekana ni watu wasiojua biashara. Katika karne ya 18 jongoo bahari waliokusanywa na wazamiaji wa Kibajo walipitia bandari ya Makassar kwenda kuliwa China. Wafanyabiashara wa China na watu wa pwani hii walijuana zamani, kabla nikeli haijawa na thamani kwa yeyote. Na ngalawa yetu ya Bagamoyo na Zanzibar, ile yenye matengo, mbao za kuizuia isipinduke, pande zote mbili, ina asili yake kwa mabaharia wa visiwa vile. Kwa hiyo tunapowatazama Kurisa hatutazami watu tusiohusiana nao hata kidogo.

Sasa nisimulie kiwanda kilivyofika, kwa kifupi, maana sehemu hii mnaijua kuliko mimi. Mwaka 2009 Indonesia ilitunga sheria ya madini iliyodai madini yasafishwe nchini. Marufuku ya kusafirisha ghafi ilianza Januari 2014, ikalegezwa 2017, kisha ikarudishwa kwa nikeli yote tarehe 1 Januari 2020. Umoja wa Ulaya ukawashtaki kwenye Shirika la Biashara Duniani. Jopo likatoa uamuzi dhidi ya Indonesia Novemba 2022, nao wakakata rufaa na kuendelea na yao. Sisi tuliozuia makinikia, yaani mchanga wa madini, mwaka 2017, na makontena 277 yakakwama bandarini Dar es Salaam, tunaelewa ujasiri huo unagharimu nini.

Huko Bahodopi, mkataba wa kujenga eneo la viwanda la Morowali, maarufu kwa kifupi chake IMIP, ulisainiwa Jakarta Oktoba 2013, Rais Susilo Bambang Yudhoyono na Rais Xi Jinping wakishuhudia. Wabia wakuu walikuwa kampuni ya Bintang Delapan ya Indonesia na Tsingshan ya China. Mei 2015 Rais Joko Widodo alizindua tanuri la kwanza. Baada ya hapo mambo yalikwenda mbio: chuma cha pua, kisha kemikali za betri za magari ya umeme, uwanja wa ndege wa ndani, bandari, na makumi ya maelfu ya wafanyakazi. Mwaka 2023 zaidi ya nusu ya nikeli yote iliyochimbwa duniani ilitoka Indonesia. Uchumi wa mkoa wa Sulawesi ya Kati ulikua kwa zaidi ya asilimia 15 mwaka 2022. Waheshimiwa, asilimia 15! Ni waziri gani wa fedha asiyeitamani namba hiyo kwenye hotuba yake?

Namba nyingine haisomwi kwenye makongamano. Machi 2023, baada ya ukuaji wote huo, umaskini katika mkoa huo ulikuwa unazidi asilimia 12, wakati wastani wa Indonesia nzima ulikuwa asilimia 9.36. Mkoa uliokuwa miongoni mwa inayoongoza kwa kukua ulikuwa nyuma ya wastani wa taifa kwa kuwatoa watu kwenye ufukara. Sababu zake zinajulikana. Sheria za Indonesia zinaruhusu uwekezaji mkubwa usamehewe kodi ya mapato ya kampuni hadi miaka 20, na faida kubwa ya kuyeyusha hupatikana kiwandani, ambako mgawo wa mkoa ni mdogo kuliko kwenye mrabaha wa kuchimba. Pesa ilipita Morowali. Kulala, ililala kwingine.

Turudi Kurisa. Udongo wa nikeli wa Sulawesi si mwamba wa chini sana. Ni udongo mwekundu uliooza juu ya mawe, uko karibu na uso wa ardhi, na kuufikia lazima ukate msitu na kukwangua kilima chote. Mvua ikinyesha, kilima kilichokwanguliwa hutiririka. Tope jekundu huingia mtoni, kisha baharini, likatua juu ya matumbawe na majani ya bahari ambako samaki wadogo hukulia. Hilo ni la kwanza.

La pili ni umeme. Kuuyeyusha udongo ule kunahitaji tanuri za umeme zinazokula nguvu kupita kiasi. Mitambo ya makaa ya mawe iliyojengwa ndani ya eneo lile moja la viwanda ina uwezo unaozidi Bwawa letu la Mwalimu Nyerere, ambalo kwa megawati zake 2,115 tumelisherehekea kama mkombozi wa taifa. Mwaka 2022 Indonesia ilitoa kanuni ya rais ya kuzuia mitambo mipya ya makaa, lakini ikaacha mlango wazi kwa mitambo inayohudumia viwanda vya namna hiyo. Ndiyo maana gari linaloitwa safi huko Ulaya linaanza maisha yake kwenye moshi wa Bahodopi.

Mtambo wa makaa ya mawe wa pwani huvuta maji ya bahari, huyatumia kupoza mashine, kisha huyarudisha yakiwa ya moto. Wavuvi wa Kurisa wamewaeleza waandishi wa habari na watafiti kwa miaka sasa kwamba maji karibu na nyumba zao yamekuwa ya uvuguvugu, yamebadilika rangi, na samaki wamewahama. Hapa naomba mtulie nami kidogo, kwa sababu ni sayansi ya kidato cha pili. Maji ya moto hushika oksijeni kidogo kuliko ya baridi. Samaki aliye huru akihisi joto anaondoka. Samaki aliye kizimbani hawezi kuondoka. Kurisa walikuwa na vizimba vya kufugia chewa, samaki wa bei, anayehifadhiwa akiwa hai mpaka mnunuzi afike. Kizimba ndicho kilikuwa benki yao: unamweka chewa mdogo, unamlisha, ada ya shule ikifika unauza. Vizimba vikafa. Mtu akikosa samaki wa siku atasema kesho Mungu yupo. Aliyepoteza kizimba amepoteza akiba.

Baada ya hapo wakabaki na bahari ya mbali. Zamani mtu wa Kurisa alitupa ndoano akiwa kibarazani, au alipiga kasia kidogo tu akarudi na kitoweo. Sasa lazima azipite meli na matishari, akawatafute samaki mbali, kwa injini. Injini inataka petroli, petroli inataka pesa, na pesa ilikuwa ndani ya kizimba. Mzee mwenye mtumbwi wa kasia hayumo tena katika hesabu hiyo. Anakaa nyumbani anatazama matishari.

Kuna vumbi pia. Bahodopi yote inalalamikia vumbi la makaa na la barabarani, na vituo vya afya vya huko vinahudumia wagonjwa wengi wa njia ya hewa. Zamu zinapobadilishana, barabara kuu hujaa pikipiki za wafanyakazi mpaka haipitiki. Wageni wamekuja kutoka kila pembe ya nchi, Wabugi, Watoraja, Wajava, na kila penye kipande cha ardhi pamejengwa vyumba vya kupanga. Kuna waliotajirika kwa vyumba hivyo, nisiwafiche. Muuza chakula anauza, fundi pikipiki anapata, na kijana mwenye cheti anapata mshahara ambao baba yake hakuwahi kuuota. Ila kazi yenyewe ina hatari zake: tarehe 24 Desemba 2023 tanuri la kampuni mojawapo ndani ya eneo lile lililipuka wakati wa matengenezo, na wafanyakazi 21 wakapoteza maisha, Waindonesia na Wachina. Mkesha wa Krismasi.

Nimeandika yote haya ili nifike kwenye jambo moja tu, nalo ndilo ninalowaomba mlishike hata mkisahau mengine. Kurisa hawakuhamishwa.

Mradi mkubwa ukija, sheria huwatazama wanaohamishwa. Wanahesabiwa, wanapigwa picha mbele ya nyumba zao, migomba inahesabiwa mche kwa mche, makaburi yanaandikwa. Fidia inaweza kuwa ndogo na kuchelewa, watu wakalalamika, lakini angalau majina yao yamo kwenye daftari. Wasiohamishwa hawamo. Nyumba ya Kurisa haikuguswa hata ubao. Mstari ulichorwa, nao wakawa nje ya mstari, basi kwa karatasi hawakupoteza kitu. Mvuvi atadai nini? Bahari haina hati miliki yenye jina lake. Akisema samaki wamepungua, ataulizwa: walikuwa wangapi? Akisema maji yamepata joto, ataulizwa: uliyapima lini, kwa kipimo gani, nani alishuhudia? Mwenye maabara ni mwenye kiwanda. Mwenye kumbukumbu ya kichwani ni mzee wa Kibajo, na kumbukumbu ya kichwani hailetwi kama kielelezo mezani.

Tena ni kitongoji, si kijiji. Indonesia ina sheria nzuri ya vijiji ya mwaka 2014, inayopeleka fedha za bajeti ya taifa moja kwa moja kijijini. Lakini fedha zinaishia kwa kijiji, na kijiji cha Fatufia kimefurika wageni na biashara. Sauti ya Wabajo wa juu ya maji inaingia kwenye kikao ikiwa tayari ya wachache. Sisi tunaowajua wenyeviti wetu wa vitongoji, namna wanavyokaa nyuma kabisa kwenye mkutano wa mwekezaji wakisubiri soda, tunaielewa picha hiyo bila mkalimani.

Waheshimiwa, nani watakuwa Kurisa wetu?

Serikali imeingia mkataba wa Kabanga mwaka 2021 na kupata hisa asilimia 16 zisizolipiwa. Hilo nawapongeza, Indonesia ya 2013 haikuanza hivyo. Mpango ni kuchimba Ngara na kusafisha Kahama, pale ulipokuwa mgodi wa Buzwagi. Najua mtaniambia nikeli ya Kabanga ni tofauti, na mna haki. Yetu iko kwenye mwamba wa salfaidi, yaani wenye salfa, chini ya ardhi, haihitaji kuchuna vilima, na njia ya kuisafisha inayopangwa haina tanuri kama zile za Morowali. Hatutakuwa na tope jekundu. Lakini mabaki ya mwamba wa salfaidi yana tabia yake: yakikutana na hewa na maji hutengeneza asidi, na asidi huyeyusha metali nyingine na kuzipeleka maji yanakokwenda. Ngara maji yanakwenda Ruvubu na Kagera, na Kagera inakwenda Ziwa Victoria. Na kwamba mabwawa ya tope la migodini hayapasuki, hilo hatuwezi kuambiana watu wa Kagera na Shinyanga. Novemba 2022 la mgodi wa almasi wa Mwadui lilipasuka, tope likafunika mashamba na makazi ya watu wa Kishapu. Waliofunikwa walikuwa nje ya mstari, si ndani.

Kata ya Bugarama watu wanahamishwa kupisha mgodi, na vyombo vya habari vinafuatilia fidia zao, kama inavyostahili. Mimi nauliza kuhusu anayebaki. Yule ambaye shamba lake linaanzia pale uzio unapoishia. Yule ambaye kisima chake hakijaguswa leo. Mama anayeuza ndizi kwenye njia ambayo magari ya mgodi yatapita usiku na mchana. Kahama, ni mitaa ipi itakayopokea upepo kutoka kwenye mtambo wa kusafisha, kiangazi na masika? Huyo naye aandikwe daftari sasa, kabla ya malalamiko, kwa jina, kwa chanzo chake cha maji na kwa anachokitegemea kula. Liitwe daftari la wanaobaki, au mliite mnavyopenda, ila liwepo na liwe na nguvu ya kisheria kama la wanaohamishwa.

Na vipimo vifanyike kabla. Najua tathmini ya athari kwa mazingira ipo na NEMC, chombo cha serikali cha mazingira, wanaisimamia, lakini ripoti ya kurasa mia kadhaa kwa Kiingereza, iliyofungiwa kabatini Dodoma, haimsaidii mtu wa Bugarama siku kisima kikibadilika ladha. Yachotwe maji ya visima, chemchemi na mito mbele ya wanakijiji, yapimwe na maabara isiyolipwa na mwekezaji, na matokeo yaandikwe kwa Kiswahili kwenye daftari moja linalokaa ofisi ya kijiji na nakala yake kwa mwenyekiti wa kitongoji. Yarudiwe kiangazi na masika, miaka yote ya mgodi na baada yake. Shule zetu zinaweza kusaidia. Kipima joto na karatasi ya kupima asidi si vifaa vya ajabu, wanafunzi wa kidato cha tatu wanavitumia, na nimeshasema nafundisha. Siku ya kuulizwa "mlipima lini", tuwe na tarehe.

Tatu, fedha. Ushuru wa huduma unaotozwa kwenye mauzo unakwenda halmashauri. Sheria ya Madini, baada ya marekebisho ya 2017, inamtaka mwekezaji kuandaa kila mwaka mpango wa huduma kwa jamii na kukubaliana na halmashauri. Vizuri. Lakini meza hiyo ni ya halmashauri, na halmashauri ina kata nyingi zenye njaa ya madarasa na zahanati. Bila kifungu kinachotaja wanaoishi jirani na uzio, fedha itakwenda kwenye sauti kubwa, na anayevuta vumbi atajengewa ukumbi mjini. Nawaomba madiwani wa Ngara na Kahama mpitishe hilo wenyewe kwenye kikao chenu. Hamhitaji kusubiri Dodoma. Sehemu inayojulikana, iliyotajwa kwa asilimia, iende kwa vijiji na mitaa iliyomo kwenye daftari la wanaobaki, na mkutano wao ndio uamue ifanye nini.

Najua hoja itakayokuja: masharti mengi yatamfukuza mwekezaji aende kwingine. Nikeli ya Kabanga haihami, Waheshimiwa. Bei yenyewe imeporomoka tangu 2022 kwa sababu Indonesia imeimwaga sokoni, migodi ya Australia imefungwa kwa kushindwa kushindana nayo, na hakuna mtu atakayewashinda Waindonesia kwa urahisi wa bei. Wanunuzi wa Ulaya na Marekani wanaanza kuuliza nikeli imetoka wapi na imemwacha nani na hali gani. Katika soko hilo, daftari la maji la Bugarama lenye tarehe na sahihi linaweza kuwa na thamani ambayo punguzo la kodi halina. Hapo nasema kama mlipakodi, si kama mwalimu.

Mwisho, safari. Rais Joko Widodo alikuja Dar es Salaam Agosti 2023, na ujumbe wetu umekuwa ukienda kwao. Safari ijayo itakapopangwa, msiishie Jakarta na kwenye ukumbi wa wenyeji wa eneo la viwanda, mkavalishwa kofia za usalama na kupigwa picha. Morowali ina uwanja wa ndege wa umma, unaitwa Maleo. Mkitoka hapo mnashika barabara ya pwani kuelekea Bahodopi. Ombeni siku moja ya ziada, mkalimani asiyetoka kiwandani, na mmoja wenu awe mwenyekiti wa kitongoji kutoka Bugarama, kwa gharama ya serikali. Mpelekeni juu ya zile mbao za Kurisa akae na wazee wa Kibajo, mkiwaacha wenyewe kwa saa mbili. Atauliza maswali ambayo mimi na ninyi hatuyajui.

Naomba jibu la barua hii kwa maandishi, kwa Kiswahili, na nakala yake ibandikwe kwenye ubao wa matangazo wa ofisi ya kata ya Bugarama.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mwalimu wa jiografia, mzaliwa wa Ngara

Nakala: Ubalozi wa Jamhuri ya Indonesia, Dar es Salaam